Meza Ndogo ya Fundi Majira

Fundi Majira hakupewa jina hilo kwa kujua saa ngapi. Mtu yeyote mwenye macho anajua saa ngapi. Alipewa kwa sababu ya sikio lake. Ukimletea saa mbovu hakuifungua kwanza, kama wafanyavyo mafundi wenye pupa. Aliiweka sikioni, akafumba macho, akaisikiliza kama mtu anayepewa umbea mtamu, kisha akakwambia ugonjwa wake: hii imekauka mafuta, hii ina jino lililolika, hii inachechemea, mguu mmoja mrefu na mwingine mfupi. Ndipo alipoifungua, na ugonjwa ukakutwa ni uleule. Watu wazima walikuwa wakisimama mlangoni pake kutazama tu, bila hata saa mkononi.

Sasa sikio lile lilikuwa limemkimbia. Halikuondoka kwa kishindo. Zilianza kupotea sauti nyembamba, ndege kwanza, halafu kengele za baiskeli, halafu saa zenyewe. Malori aliyasikia, mlango ukibamizwa aliusikia, na mteja mwenye sauti nzito akisimama mbele yake walielewana vizuri tu. Lakini saa akiiweka sikioni, kimya. Aliutazama mshale wa sekunde ukitembea, akairudisha saa sikioni, kimya tena.

Hakumwambia mtu. Nani atakula chakula cha mpishi asiyeonja? Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na duka la kulinda. Alijifunza kutikisa kichwa, kucheka wenzake wakicheka, na kusema "hapo umenena" kila mtu alipofunga mdomo. Hata mkewe hakumwambia. Mkewe naye siku hizi alikuwa amepunguza maneno, na Fundi Majira, maskini wa Mungu, akaona ni neema: baada ya miaka yote ile, nyumba imetulia.

Kilichomtikisa ni saa ya muuguzi. Ilikuwa saa ndogo ya kubana kifuani, ya kutia ufunguo, ambayo muuguzi aliitumia kuhesabia mapigo ya wagonjwa. Ilikuwa inasita, inasimama kidogo, halafu inaendelea kama haijatenda kosa. Fundi Majira aliitengeneza, ikarudi. Akaitengeneza tena kwa kubahatisha, ikarudi.

"Fundi wangu," muuguzi alisema akiiweka mezani polepole, "nimeshika mkono wa mgonjwa, nahesabu, kumbe saa imesimama. Nikadhani moyo wake ndio unaokwenda mbio! Safari hii ikirudi, nitajua shida si ya saa."

Alitabasamu alipokuwa akisema, lakini Fundi Majira aliyasoma maneno yale midomoni mwake na yakamchoma. Alijiapiza kimoyomoyo kwamba ikirudi tena, anafunga duka.

Ugonjwa wake mwingine, ambao hakuwahi kuuficha tangu utotoni, ulikuwa udadisi. Mteja mmoja mpenda saa za zamani alikuwa amemwonyesha kwenye simu picha ya programu inayosikiliza saa na kuchora nukta kila saa inapogonga. Programu ya bure, alisema mteja, na inakwenda kwenye Linux, hata kwenye kompyuta ya kutupwa. Tangu siku hiyo jambo lile lilikuwa likimtekenya. Kompyuta inaisikiaje saa? Inajuaje kwamba huu ni mlio wa saa na hiki ni kiatu cha mpita njia?

Mume wa binti yake mkubwa alikuwa mwalimu wa kompyuta chuoni. Fundi Majira akamwita.

"Mkwe, nasikia siku hizi kompyuta zinasikiliza saa. Nataka kuona tu. Kujua si kosa."

Mkwe akaja na kompyuta ya mezani iliyotupwa na chuo, kasha lake limegeuka rangi ya meno ya mvuta sigara. Waliiwasha kama ilivyo. Ungeweza kwenda kuoga, ukarudi, ukaikuta bado inajifikiria. Mkwe akaeleza kwamba memori yake ni ndogo mno, na mfumo uliomo umeizidi nguvu. Dawa yake ni kuufuta na kuiwekea Linux, mfumo mwepesi.

Yote hayo aliieleza sakafu. Kijana yule alikuwa mtu wa adabu, na adabu yake ilikuwa balaa. Mbele ya baba mkwe hakukaa kiti kirefu, hakumtazama usoni, na sauti aliishusha kama aliyeingia chumba cha mgonjwa. Kwa hiyo mmoja aliona haya kupaza sauti, na mwingine aliona haya kusema hasikii. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunaambiwa kila siku. Hakuna aliyetunga methali ya mkuu asiyesikia la mkwe.

Flashi yenye Linux ikachomekwa, kazi ikaanza. Katikati yake mkwe akatazama saa, akakumbuka kuwa ana kipindi darasani.

"Mzee," aliiambia sakafu, "ikikuuliza sura ya kioo, chagua ile nyepesi kabisa, ya mwisho. Zile nyingine zitaimaliza memori yote."

Fundi Majira aliona ndevu zikicheza, zikatulia. "Hapo umenena," alisema, na mkwe akaenda zake ameridhika.

Mzee akabaki peke yake na mashine, na wala hakuchoka. Alitazama ule mstari unaojaa taratibu, akajiuliza kinachomiminwa kinatoka wapi na kinaingia wapi. Alilaza kiganja juu ya kasha akahisi linavyotetemeka, na akatambua kwa vidole kwamba kuna kitu ndani kinazunguka na kingine kinakwaruza. Hatimaye zikaja picha za kuchagua. Ya mwisho ilikuwa ya kijivu, kavu, haina hata ua. Ya kwanza ilikuwa na vilima vya buluu, vitufe vinavyong'aa na vivuli laini pembeni. Nani akipewa kuchagua nyumba huchagua kibanda? Akabonyeza vilima.

Mkwe aliporudi jioni na kuona vilima, alimeza mate.

"Imependeza, mzee," alisema.

Hilo Fundi Majira hakuhitaji kulisikia. Uso wa mtu anayesifu kwa lazima unajulikana. Ila hakuelewa kwa nini.

Kesho yake wakaunganisha sikio. Kilikuwa kile kidude cha kubana kwenye gitaa ili sauti yake itoke kwenye spika, na mkwe alikiazima kwa mwenzake. Wakakibana kwenye kipande cha mbao, saa ya muuguzi ikalazwa juu yake, waya ukaingia nyuma ya kompyuta. Mambo yenyewe ni rahisi. Saa inapiga hatua mbili, mguu huu na mguu huu, na kila hatua ni nukta kwenye kioo. Saa nzima huchora mstari mmoja ulionyooka, kama sisimizi walioona sukari. Saa inayochechemea huchora mistari miwili, kila mguu na wake, na kadiri inavyochechemea ndivyo mistari inavyoachana.

Fundi Majira akavuta kiti. Nukta zikaanza kuanguka, moja huku, moja kule, tatu pamoja, kisha hakuna, kisha kundi zima. Kioo chote kikawa mtama uliomwagika.

Akaifungua saa. Akaisafisha, akaitia mafuta, akakagua kila jino chini ya lenzi. Mkewe alipita nyuma yake na chai, akasimama kidogo, akaweka kikombe, akaondoka. Mzee hakugeuka. Akaifunga saa, akairudisha kwenye mbao, mtama ukamwagika upya. Akaifungua tena. Hasira zilianza kumpanda, na fundi saa mwenye hasira huvunja vitu ambavyo jicho halivioni, kwa hiyo akaweka kibano chini, akakunja mikono na kuanza kufikiri.

Akavua saa yake ya mkononi, ambayo haikuwahi kumdanganya tangu aoe, akailaza kwenye mbao. Mtama. Akaiweka kwenye mbao saa nyingine, mpya, isiyo na kasoro, inayosubiri mwenyewe aje kuichukua. Mtama. Hapo akacheka peke yake. Kama mgonjwa ana homa, daktari ana homa, na mlinzi wa getini ana homa, mtu mwenye akili hukitazama kipimajoto.

"Mkwe," alisema kijana alipofika, "saa si mbovu. Hii mashine ndiyo inayoruka. Kwa nini inaruka?"

Mkwe akaanza kueleza kwa sakafu habari za memori. Fundi Majira akatikisa kichwa kama kawaida, lakini safari hii udadisi ulimzidi aibu.

"Usinieleze. Nionyeshe."

Basi mkwe akayaacha maneno, akatumia mikono. Aliipangua meza ndogo ya kazi, akaandika kwa chaki "memori" juu yake na "diski" kwenye droo, akaweka juu ya meza kibano, lenzi, bisibisi, chupa ya mafuta, mpaka pakajaa. Akachukua nyundo, hapakuwa na nafasi. Ikabidi atoe chupa, aifungie kwenye droo, ndipo aweke nyundo. Kisha akaitaka chupa. Ikabidi afungie lenzi, atoe chupa. Wakati huohuo mkono wake wa kushoto ulikuwa ukigonga meza kwa kidole, taratibu, kama saa, na kila alipoinamia droo kidole kilisita.

Fundi Majira akaruka kutoka kitini.

"Meza ni ndogo! Memori ndiyo meza, diski ndiyo droo! Saa inagonga, yenyewe imeinamia droo inatafuta chupa!"

Mkwe alitikisa kichwa mpaka miwani ikateleza.

"Sasa hebu nijue. Mezani pake wamejaa akina nani?"

Mkwe akabonyeza, ikatokea orodha ya watumishi wote wanaofanya kazi ndani ya kompyuta bila kuonekana. Fundi Majira akaisoma kwa kidole, akitaka kujua kila mmoja analipwa kwa lipi. Yupo aliyekuwa akisubiri printa, na printa hapakuwa nayo. Yupo aliyekuwa akitafuta spika zisizo na waya hewani. Yupo aliyekuwa akiuliza habari mpya za mtandao, na mtandao wenyewe haukuunganishwa. Na yupo aliyechukua nafasi kubwa kuliko wote. Mkwe akaonyesha kwa kidole kazi yake, vile vivuli laini pembezoni mwa picha.

"Mtu wa kutia vivuli!" Mzee alipiga paja. "Sisi tunahangaika na saa ya hospitali, yeye anatia vivuli! Atoke."

Vilima vya buluu vikaondoka, ikaja ile sura ya kijivu, na safari hii Fundi Majira aliiona nzuri. Kisha akaanza kuwatoa wengine kwa namna aliyofungulia saa maisha yake yote. Alitandika kitambaa cheupe, na kwa kila mtumishi aliyemzima aliweka skrubu moja juu yake, kwa mpangilio, kutoka kushoto. Kikiharibika kitu, anajua skrubu ipi irudi kwanza. Mkwe hakuwahi kuona jambo hilo darasani, na akasogeza kiti karibu bila kujitambua.

Skrubu ziliongezeka, mtama ukaanza kujikusanya. Kila mtumishi alipotoka, nukta zilisogeleana, mpaka zikasimama mistari miwili mirefu, iliyoachana.

"Inachechemea," Fundi Majira alinong'ona. "Kumbe nilimrudishia ikiwa inachechemea!"

Furaha na majuto vilimjia pamoja. Angepaswa kuishia hapo. Lakini mistari ilikuwa bado inatetemeka kidogo, naye alitaka ikaze kama uzi, na tamaa ya fundi haijui kutosheka. Akaweka kidole kwenye mtumishi mwingine.

"Huyo tumwache, mzee," mkwe aliiambia sakafu. "Huyo ndiye anayeleta sauti."

"Hapo umenena," Fundi Majira akasema, na akambonyeza.

Nukta zikakoma. Kioo kikabaki kitupu, na katikati yake yakatokea maandishi mekundu: hakuna sauti inayosikika.

"Mzee, si nimekuomba usimguse?" maneno yalimtoka mkwe kabla hajayazuia, na papo hapo akajiziba mdomo kwa mkono.

Fundi Majira hakumtazama. Alikuwa akiyatazama yale maandishi mekundu. Mashine hii, takataka ya chuo, yenye meza isiyozidi kiganja, imepoteza kusikia na papo hapo imesema, tena kwa rangi nyekundu, mbele ya wageni. Haikutikisa kichwa. Haikuchora nukta za uongo ili kumfurahisha mtu. Na yeye, fundi mzima, mwaka wa pili huu anachora nukta za uongo mchana na usiku.

"Mkwe," alisema, "na mimi sisikii."

Kijana akainua uso.

"Hilo ulilosema sasa hivi sikulisikia. La sura ya kioo sikulisikia. Saa ndiyo kabisa. Wewe ukisema na sakafu, sakafu ndiyo inayokusikia."

Mkwe akanong'ona kitu.

"Nini?"

"Nimesema, nifanyeje sasa, mzee?"

"Sijasikia!"

"NIFANYEJE?"

"Ee! Hapo sasa. Nitazame usoni, na upige kelele. Nakuruhusu."

Ilimpasa kijana akohoe, afumbe macho, ayafumbue, na kutazama uso ambao tangu siku ya posa alikuwa akiujua kwa viatu vyake tu. Kisha, kwa sauti iliyotikisa vioo vya kabati, akamfokea baba mkwe wake: "HUYO NDIYE SIKIO LA MASHINE! MRUDISHE! ANZA NA SKRUBU YA MWISHO!"

Mlango wa ndani ukafunguka kwa kishindo. Mkewe Fundi Majira alisimama hapo, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko.

"Mkwe anamfokea mkwewe? Ndani ya nyumba hii?"

Kijana alikaribia kuingia chini ya meza.

"Mimi ndiye niliyemwomba," Fundi Majira alisema haraka. "Mama watoto, masikio yangu yamekwisha. Si leo. Yamekwisha zamani."

Mkewe alimtazama. Alijifuta mikono kwenye nguo yake, akageuka na kurudi ndani. Fundi Majira akabaki na hofu asiyoijua. Ile ya kufunga duka alikuwa ameizoea. Hii ya mgongo wa mkewe ukiondoka ilikuwa mpya.

Lakini saa ilikuwa wazi mezani, na kazi ni kazi. Akairudisha skrubu ya mwisho mahali pake kwenye kopo la skrubu, mkwe akamrudisha mtumishi wa sauti kazini, mistari miwili ikaja tena kiooni. Akavaa lenzi, akashika kibano. Palikuwa na kishikizo kidogo mwisho wa springi nyembamba kama unywele, na alikisukuma kiasi cha pumzi. Mistari ikasogeleana. Akasukuma tena, ikapitana, huu ukaenda kule na ule huku. Akarudisha nyuma, chini ya pumzi. Mistari ikalaliana ikawa mmoja, umenyooka, unakwenda tu.

Mkwe akapiga kelele ya shangwe bila kuombwa.

Muuguzi aliwakuta bado wameikodolea macho. Fundi Majira alisimama akamwambia yote kwa mkupuo, kabla hajatafuta njia ya kukwepa: kwamba mara mbili alimrudishia saa bila kuisikia, kwamba hasikii, kwamba kuanzia leo saa zake zinasikilizwa na hiyo takataka. Akaisogeza saa kuelekea kwake na kungoja aichukue na kwenda.

Muuguzi hakuichukua. Aliinama kwenye kioo.

"Hizi nukta ni saa yangu?"

"Ni saa yako."

"Iache kidogo niitazame," alisema, akavuta kiti. Aliitazama mpaka akaridhika, ndipo akajibana saa kifuani. Mlangoni aligeuka, akahakikisha mzee anamwona mdomo. "Njoo kwetu upimwe hayo masikio. Nami nitakufokea nikikukuta huko unatikisa kichwa."

Mkwe naye akakumbuka ghafla kwamba ana kipindi, ingawa ilikuwa Jumapili.

Fundi Majira alikuwa akikusanya vifaa mkewe alipoingia na kigoda. Alikiweka mbele ya kiti cha mumewe, akakaa, magoti yao yakagusana.

"Tangu lini?" aliuliza polepole.

"Mwaka juzi."

"Nikiwa jikoni?"

"Sikusikii."

"Nikiwa nyuma yako?"

Akatikisa kichwa, na safari hii kilikuwa kichwa cha kweli.

"Mimi nilidhani umenichoka," alisema mkewe. "Nasema, hujibu. Nauliza, hugeuki. Nilisimama nyuma ya kiti hikihiki nikakwambia dada yangu amezidiwa, twende wote. Ukaendelea na bisibisi yako. Nikasema, kama ndivyo, basi. Nikaenda peke yangu, nikarudi, na tangu siku hiyo nikaacha kusema."

Fundi Majira aliikumbuka safari ile. Alikuta jiko limefungwa, akadhani mkewe ametoka matembezini, na aliporudi kimya akamshukuru Mungu kwa utulivu wa nyumba. Alitaka kusema neno, machozi yakamtangulia, akalia waziwazi, mikono juu ya magoti ya mkewe.

"Usilie, utanichelewesha," alisema mkewe. "Nina maneno ya miaka miwili."

Akasogeza kigoda mpaka mwanga wa dirisha ukamwangukia mdomoni, akamshika kidevu na kumwinua uso.

"Haya," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Tuanze na dada yangu. Aliniuliza uko wapi."